JE, AJALI HAINA KINGA?

Bila shaka umewahi kusikia watu wakisema, "Ajali haina kinga." Husemwa msibani. Mtu amegongwa na gari, jamaa wamekaa mkekani, na mzee mmoja anatoa maneno hayo ili kuwapoza wafiwa. Ni maneno ya huruma. Si vibaya kuyasema wakati huo.

Lakini maneno hayo yakihama msibani yakaingia katika mkutano wa kijiji, yana hatari. Wazazi wanauliza: kwa nini watoto wanagongwa pale karibu na shule? Mtu anasimama na kujibu: ajali haina kinga. Basi mkutano unafungwa. Watu wanarudi nyumbani. Mwezi unaofuata mtoto mwingine anagongwa mahali pale pale.

Hebu fikiri. Kama ajali ni bahati mbaya tu, kwa nini inarudia mahali pamoja? Mvua ikinyesha, hunyesha kijiji kizima. Ajali hazinyeshi hivyo. Zina mahali pake na zina saa zake. Jambo lenye mahali pake na saa zake lina sababu, na sababu inaweza kutafutwa. Katika somo hili tutasoma jinsi watu walivyoitafuta Dar es Salaam.

Barabara katikati ya ua

Barabara ya Kilwa hutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam na kuingia wilaya ya Temeke. Hupita Mtoni, Mbagala na Kongowe, kisha huendelea kusini mpaka Kilwa na Lindi. Upande mwingine wa jiji, katika wilaya ya Kinondoni, Barabara ya Bagamoyo hupita Mwenge, Tegeta na Bunju. Zamani sehemu hizi zilikuwa mashamba na vijiji. Wazee wa Mbagala na Tegeta wanakumbuka minazi, mikorosho na mihogo mahali ambapo leo pana maduka na vituo vya daladala.

Barabara kuu hujengwa ili iunganishe miji. Aliyeipima alimfikiria dereva wa lori anayetoka mbali na kwenda mbali. Kisha watu huhamia kando yake, maana penye barabara pana basi na pana soko. Nyumba zinajengwa upande huu, shule upande ule. Bomba la maji liko huku, zahanati iko kule. Mwisho barabara inakuwa kama imepita katikati ya ua wa watu, lakini magari bado yanakwenda kana kwamba yanapita porini.

Barabara hiyo moja sasa ina kazi mbili zisizopatana. Inatakiwa ipitishe magari upesi, na tena inatakiwa imvushe mtoto wa darasa la kwanza anayekwenda shule peke yake. Watoto wengi wa shule za msingi Dar es Salaam huenda shule kwa miguu. Labda kijiji chako kiko kando ya barabara kuu. Kama ndivyo, haya si mambo ya mjini tu.

Wala si mambo ya Tanzania tu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo huua kuliko ugonjwa wowote.

Mwendo na mnazi

Kabla ya kuendelea, ni lazima tuelewe mwendo wa gari. Hapa tutafanya hesabu kidogo. Chukua kalamu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 hivi kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, mguu hauruki kwenye breki mara moja. Macho yanaona, akili inaamua, ndipo mguu unahama. Kwa dereva aliye makini, hiyo ni kama sekunde moja. Gari limekwisha kwenda mita 14 na breki bado haijakanyagwa. Ikikanyagwa, kama lami ni kavu na tairi ni nzima, gari litakwenda mita nyingine 14 hivi ndipo lisimame. Jumla ni mita 28. Toka nje ukapime kwa hatua ndefu 28, uone jinsi palivyo mbali.

Sasa dereva aongeze mwendo mpaka kilomita 80. Katika sekunde ile ya kwanza gari hupita mita 22. Baada ya breki hupita mita 35. Jumla ni mita 57. Angalia vizuri: mwendo haukuongezeka hata mara mbili, lakini mahali pa kusimama pamesogea zaidi ya mara mbili. Na akipunguza mpaka kilomita 30, mita 13 zinamtosha. Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa kipara, hesabu hizi zote huwa mbaya zaidi.

Na akigonga je? Mtu akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa, kishindo chake ni kama cha kuanguka kutoka mita tatu na nusu, yaani juu ya paa la nyumba. Ataumia, lakini mara nyingi atapona. Kilomita 50 ni kama kuanguka kutoka kwenye mnazi wa mita 10. Kilomita 80 ni mita 25, yaani mnazi mrefu kuliko yote shambani. Mkwezi hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Sheria ya Tanzania humtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi. Kuna vibao vinavyosema hivyo. Kibao ni kizuri, lakini kibao hakiwezi kulizuia gari.

Walivyohesabu watoto

Kuna shirika liitwalo Amend. Kazi yake ni usalama barabarani katika nchi za Afrika, na Dar es Salaam ni mojawapo ya miji linakofanya kazi. Watafiti wake walijiuliza swali moja: barabara za karibu na shule zikirekebishwa, je, ni kweli watoto wanaoumia hupungua?

Wewe utasema, "Bila shaka hupungua." Lakini mtafiti hawezi kujibu hivyo. Tuseme umetia mbolea shamba lako lote la mahindi, ukavuna magunia mengi. Jirani yako akasema, "Si mbolea hiyo, mwaka huu mvua ilikuwa nzuri." Utamjibu nini? Huna la kumjibu. Ndiyo maana bwana shamba hukushauri uligawe shamba. Upande mmoja utie mbolea, upande mwingine usitie. Mvua itanyesha pande zote mbili. Tofauti utakayoiona wakati wa mavuno, hiyo ndiyo kazi ya mbolea.

Watafiti walifanya hivyo hivyo. Walichagua shule 18 za msingi katika jiji la Dar es Salaam. Sehemu zinazozunguka shule hizo wakazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza lingerekebishwa mara moja. Fungu la pili lingesubiri.

Kabla ya kugusa barabara, walipita nyumba kwa nyumba. Waliuliza kila nyumba ina watoto wangapi wa umri wa kwenda shule. Waliuliza kama yuko mtoto aliyeumia barabarani katika miezi 12 iliyopita. Kama yuko, ilikuwaje? Saa ngapi? Aligongwa na nini? Walipata habari za watoto 12,957.

Huenda unajiuliza, kwa nini wasiende polisi wakasome daftari? Fikiria mtoto aliyegongwa na bodaboda, akavunjika mkono. Watu wanakusanyika. Dereva anaomba msamaha na kutoa fedha za matibabu. Wazazi wanakubali, mtoto anapelekwa hospitali. Hakuna aliyekwenda polisi, kwa hiyo daftari la polisi halina habari zake. Lakini ukimwuliza mama wa mtoto yule, atakuambia mpaka saa na siku.

Baada ya kupata majibu, watafiti waliikagua barabara ya kila shule na kushauriana na wananchi wa pale. Ndipo kazi ikaanza. Kazi za namna hii huwa si kubwa. Hujengwa matuta ya kupunguza mwendo. Huchorwa vivuko vya mistari myeupe, ambavyo watu huviita pundamilia. Huwekwa vibao. Njia ya waenda kwa miguu hutengwa na magari kwa nguzo fupi, ili dereva mwenye haraka asipite humo. Watoto nao hufundishwa kuvuka, si kwa picha ya barabara ya nchi nyingine, bali kwa barabara yao wenyewe.

Mahali pengine shirika hili limehamisha lango la shule, na jambo hili mimi hulipenda kuliko yote. Lango lilikuwa linatazama barabara kubwa. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, mamia ya watoto wanatoka mbio na kuangukia lami. Lango hilo linazibwa, linafunguliwa jingine nyuma, penye kijia kisicho na magari mengi. Kazi hiyo ni ya tofali, saruji na fundi mmoja. Hakuna aliyefundishwa kitu kipya, wala dereva hakutozwa faini. Hatari imehama tu kutoka kwenye njia ya mtoto.

Mwaka mmoja ulipopita, watafiti walirudi nyumba kwa nyumba. Safari hii walipata habari za watoto 13,555. Katika fungu lililorekebishwa, watoto walioumia walipungua kwa kiasi cha robo. Maana yake, mahali ambapo wangeumia wanne, waliumia watatu. Katika fungu lililosubiri, hawakupungua. Waliongezeka, ingawa ongezeko lenyewe lilikuwa dogo mno kuweza kulitegemea. Waliopungua hasa ni waliokuwa wakigongwa na pikipiki, waliokuwa wakigongwa na magari ya watu binafsi, na waliokuwa wakiumia asubuhi. Baadaye fungu la pili nalo lilirekebishwa kama la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la wataalamu, na mwaka huo huo kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya dola 250,000 za Marekani.

Robo si ushindi mkubwa, mtu anaweza kusema. Bado watatu wanaumia. Ni kweli. Lakini yule wa nne yuko darasani leo, na tunajua ni kwa sababu gani.

Njia panda na taa

Mbali na shule, mahali pengine pa hatari ni njia panda. Wahandisi wamehesabu kwamba katika njia panda yenye barabara nne zinazokutana, kuna sehemu 32 ambapo njia za magari hukatana, hukutana au huachana. Kila sehemu ni mahali ambapo gari linaweza kugonga jingine. Barabara tatu zikikutana, sehemu hizo ni 9 tu. Ukiweka kipilefti kwenye barabara nne, zile 32 hushuka mpaka 8, kwa sababu magari yote huzunguka upande mmoja na hakuna anayekata mbele ya mwenzake.

Taa za barabarani hufanya kazi kwa njia nyingine. Hazipunguzi sehemu hizo, ila hugawa zamu. Taa ya kwanza iliwekwa London, Uingereza, mwaka 1868. Iliwaka kwa gesi na iligeuzwa kwa mkono na askari. Mwanzoni mwa mwaka 1869 ililipuka na kumjeruhi askari aliyeisimamia. Taa za leo ni za umeme na hazilipuki, lakini zinaweza kukosea kwa namna nyingine, yaani kukosea hesabu ya muda.

Tuchukue barabara yenye njia nne za magari. Upana wake ni mita 14 hivi. Kijana huvuka kwa sekunde 12. Bibi mwenye mkongojo anahitaji sekunde 18, labda zaidi. Kama mhandisi alimpima kijana peke yake, taa itageuka bibi akiwa katikati. Magari yataanza kupiga honi, naye hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Hapo bibi hana kosa. Kosa limo ndani ya saa ya taa.

Katika Dar es Salaam, baadhi ya njia panda kubwa zimejengewa barabara za juu. Mwaka 2018 ilifunguliwa Barabara ya Juu ya Mfugale pale TAZARA, ambapo Barabara ya Nyerere hukutana na Barabara ya Mandela. Mwaka 2021 ilifunguliwa ya Ubungo, yenye ngazi tatu. Magari ya pande mbalimbali sasa hupishana juu na chini badala ya kungojeana. Foleni zilipungua pale, na madereva walifurahi. Lakini mimi huwatazama waenda kwa miguu. Mtu asiye na gari hapiti juu. Yeye bado anavuka chini, na kuvuka kwake lazima nako kupangwe, au sivyo tumelirahisishia gari peke yake.

Kujua kabla

Je, ni lazima kungoja watu waumie ndipo tujue mahali penye hatari? Miaka ya 1960 watafiti wa Marekani walianza kufanya jambo la akili. Walisimama kwenye njia panda, wakahesabu ajali ambazo hazikutokea. Gari limefunga breki kwa kishindo. Mtu ameruka pembeni. Wawili wamekoswakoswa. Kila tukio waliliandika. Mahali ambapo watu hukoswakoswa mara nyingi, hapo siku moja mtu hatakoswa. Wengine huipa barabara nyota, kutoka 1 mpaka 5, kwa kuangalia mwendo wa magari, vivuko na njia za miguu. Barabara ya nyota 1 inajulikana ni mbaya kabla mtu hajafa.

Huu si utabiri wa mpiga ramli. Ni kuhesabu, na wewe msomaji sasa unajua kuhesabu. Mnaweza kufanya hivi katika kijiji chenu.

Wachague watu wazima wawili au watatu. Wakae mbali na lami, mahali wanapoona vizuri. Wapime mita 100 kando ya barabara na kuweka alama mwanzo na mwisho. Mmoja awe na saa au simu yenye kuhesabu sekunde. Gari likimaliza mita hizo kabla ya sekunde 7, limezidi kilomita 50 kwa saa. Likitumia sekunde 4 na nusu, linakwenda kilomita 80. Mwingine aandike kwenye daftari: tarehe, saa, magari mangapi, mangapi yamezidi mwendo, watoto wangapi wamevuka, wangapi wamekoswakoswa. Saa moja asubuhi, watoto wanapokwenda shule, inatosha kwa kuanzia. Fanyeni hivyo siku tano za juma.

Nataka kusema neno juu ya matuta. Baadhi ya vijiji, baada ya mtoto kufa, watu hukasirika wakaweka magogo au kifusi barabarani usiku. Naielewa hasira yao. Lakini gogo lisilo na alama humwua mwendesha pikipiki gizani, naye ni mtoto wa mtu pia. Tuta lina kipimo chake, rangi yake na kibao chake, na lazima liwekwe na wenye barabara.

Wenye barabara ni nani? Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, wenye meneja katika kila mkoa. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Ulizeni kwanza barabara yenu ni ya nani, maana barua ikienda kwa asiyehusika itakaa mezani. Barua ipitie serikali ya kijiji, igongwe muhuri, na nakala moja ibaki kwenu.

Msiandike, "Tunaomba matuta kwa sababu watoto wanakufa sana." Mwenye ofisi husoma maneno hayo kila siku. Andikeni mlichokiona: siku gani, saa gani, magari mangapi kati ya mangapi yalizidi kilomita 50 mbele ya shule, na watoto wangapi walikuwa wakivuka wakati huo. Ambatisheni kurasa za daftari. Mhandisi atakapokuja, mpelekeni mahali penyewe saa ile ile ya asubuhi.

MASWALI

1. Kwa nini watafiti waliacha fungu moja la shule lisubiri?

2. Gari lilimaliza mita 100 kwa sekunde 6. Je, lilizidi kilomita 50 kwa saa?

3. Lango la shule ya kijiji chenu linatazama wapi? Je, liko mahali pengine panapofaa zaidi? Jadilianeni darasani.

4. Andikeni pamoja barua fupi kwa meneja wa barabara yenu. Tajeni mahali, siku na hesabu.